Tiba yenye huruma kwa mwenye mawazo ya kujiua: ni ipi, na Uganda inapatikana wapi

Tiba yenye huruma ni tiba ya mazungumzo ambayo mtaalamu huyachukulia mawazo ya kujiua kama dalili ya maumivu yaliyomzidi mtu nguvu. Hayaoni kuwa kosa la jinai, dhambi ya kukemewa, wala utovu wa shukrani kwa wazazi. Shabaha ya kwanza ni mtu abaki hai leo. Ya pili, ambayo huchukua muda zaidi, ni kuyashughulikia yanayomfanya aone maisha hayabebeki: madeni, kipigo nyumbani, msiba, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), pombe, kumbukumbu za vita.

Huruma hii si kumpa mtu pole nyingi na kumwambia yatapita. Inaonekana zaidi katika namna ya kuuliza. Chukulia mama mkimbizi kutoka Kongo anayeishi kambi ya Nakivale, aliyekwenda kituo cha afya akilalamikia kichwa na kukosa usingizi. Mhudumu mwenye haraka atampa vidonge vya maumivu na kumwita anayefuata. Mwenye huruma atavuta kiti, ataongea naye Kiswahili, na baada ya kumsikiliza atauliza: "Mama, uchungu ukikuzidi usiku, huwa unafikiria kujiua?" Akijibu ndiyo, mtaalamu hashtuki wala hamkatizi kwa mahubiri. Hamwambii awafikirie watoto wake. Watoto anawafikiria sana, na huenda ndio waliomleta pale. Anauliza mawazo hayo yalianza lini, huja saa ngapi, kama ameshapanga lolote, na ni nini kimemshikilia mpaka leo.

Wengi wetu tunaogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo kichwani. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Mara nyingi humpa nafuu, kwa kuwa hatimaye amepata wa kumwambia.

Kinachofuata ni mpango wa usalama, uliotungwa na wanasaikolojia wa Marekani Barbara Stanley na Gregory Brown. Ni karatasi moja tu, inayojazwa na mtaalamu na mgonjwa kwa pamoja, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Mama yule anaweza kuandika kwamba hali huanza kuwa mbaya anapokaa gizani bila kutaka kuwasha taa. Chini yake anaandika kinachomtuliza akiwa peke yake, kisha jirani anayechambua naye maharage, kisha ndugu anayeweza kumwambia ukweli wote, kisha mhudumu na hospitali ya kukimbilia. Mwisho wanakubaliana nani atamwekea mbali vitu vinavyoweza kumdhuru. Hapo ndipo ninapowapima washauri. Anayekutaka tu uape kwamba hutajiua, halafu akuage, hajakupa chochote cha kushika saa nane za usiku.

Kwa hapa Uganda, wengi wanaijua Butabika, hospitali ya rufaa ya taifa ya afya ya akili iliyofunguliwa Kampala mwaka 1955. Lakini si lazima ufike Kampala: hospitali za rufaa za mikoa, kama za Mbarara, Gulu, Arua, Mbale na Masaka, zina huduma ya afya ya akili. Wala tiba nzuri si ya wenye pesa pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika vijijini Masaka na Rakai: watu wenye sonona walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao, wakiongozwa na watu wa hapohapo waliopewa mafunzo mafupi. Sonona ilipungua sana kuliko kwa wale ambao hawakupata vikundi hivyo. Kwa mtoto, namba ya bure ya Sauti, huduma ya simu ya msaada kwa watoto, ni 116.

Kuna kikwazo ambacho kinaniuma. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda imeendelea kulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtu anayeogopa polisi hawezi kufungua moyo kwa daktari. Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha aina hiyo Januari 2025. Kwetu nako kifutwe. Mpaka hapo, muulize mshauri mapema: "Nikikwambia yote, nani mwingine atajua?" Mshauri mzuri atakueleza kwamba siri yako ni yako, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini sasa hivi, na kwamba hata hapo atakwambia wewe kwanza atakayempigia.

Ukitoka umeaibishwa, tafuta mwingine. Hilo si kukosa subira. Mtu na mshauri wake wanahitaji kuelewana, na wa kwanza si lazima awe wako. Wengine watahitaji pia dawa, hasa sonona ikiwa nzito, na dawa haichukui nafasi ya mazungumzo.

Kama mtu ana nia ya kujidhuru sasa, usisubiri miadi. Usimwache peke yake hata kidogo, mpeleke hospitali iliyo karibu, na mkifika mapokezini sema moja kwa moja: "Ndugu yangu ana mawazo ya kujiua, tunaomba aonwe sasa." Ukisema ni malaria au uchovu ili kumfichia aibu, atawekwa kwenye foleni ya kawaida.