Wati Nyingi Hazipandishi Mlima: Dhana Potofu Kuhusu Mota za Baiskeli za Umeme

Mdogo wangu anakaa Mbalizi na kibarua chake kiko Mwanjelwa. Alipokusanya akiba akanunua baiskeli ya umeme yenye mota kubwa ya wati 1,000 kwenye tairi la nyuma, akiwa ameambiwa na muuzaji kwamba kwa wati hizo hakuna mlima utakaomshinda Mbeya nzima. Wiki ya tatu, akipandisha Iwambi na gunia la mchele la kilo 25 kwenye keria, baiskeli ilizidi kupunguza mwendo mpaka ikawa inakwenda sawa na mtu wa miguu. Kisha ikatoa harufu ya vanishi iliyoungua, ikazima. Fundi alipoifungua akakuta nyaya za ndani ni nyeusi tii.

Wati zilikuwepo. Kilichokosekana ni gia. Naandika haya kwa sababu kosa hilo naliona likirudiwa huku kwetu, na fedha inayoungua ni ya watu waliojinyima miezi mingi.

"Wati nyingi ndizo zinazopandisha mlima"

Hii ndiyo dhana inayotuumiza zaidi. Mota ya umeme inataka kuzunguka. Ikizunguka kwa kasi yake, sehemu kubwa ya umeme wa betri inageuka kuwa mwendo. Ikibanwa na mzigo ikazunguka polepole, sehemu kubwa ya umeme uleule inageuka kuwa joto. Ikisimama kabisa huku umeme unaendelea kuingia, wote unakuwa joto.

Mtazame dereva wa semi anavyoingia mlima wa Kitonga. Anashusha gia mapema, injini inanguruma, matairi yanajivuta taratibu. Hata injini iwe na nguvu kiasi gani, hakuna anayepanda Kitonga kwa gia ya tambarare. Mota ya tairini isiyo na gia ndani ni kama semi iliyokwama kwenye gia moja kubwa: tairi likienda polepole, nayo inaenda polepole hivyohivyo. Gia unazobadilisha kwa kidole zinasaidia miguu yako tu, hazifiki kwenye mota.

Mota ya katikati, ile inayokaa kwenye pedali, inavuta mnyororo. Ukishusha gia ya miguu, umeishushia na yenyewe. Halafu kuna aina ya tatu ambayo wauzaji wengi hawaitaji: mota ya tairini yenye gia ndogo ndani yake, ambayo huzunguka kama mara tano kila tairi linapozunguka mara moja. Kuitambua si kazi. Inua tairi ulizungushe kwa mkono. Mota yenye gia ndani huteleza kwenda mbele na kuwa nzito kurudi nyuma. Isiyo na gia utahisi sumaku zikikushika kidogokidogo pande zote mbili, na kipenyo chake ni kikubwa kama sahani.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70, baiskeli kilo 25 na mzigo kilo 25 ni kilo 120. Kwenye mlima unaopanda mita 8 kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, tairi linahitaji karibu wati 300. Miguu ya mtu wa kawaida ikitoa 70 au 80, mota ya wati 250 inayozunguka kwa kasi yake inamaliza kazi. Ukitaka kilomita 15 kwa saa, mahitaji yanapanda hadi kama wati 440. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: nikiwa kwenye kilomita 10 kwa saa na mzigo, mota yenyewe inazunguka kwa kasi gani?

"Basi ya katikati haina mpinzani"

Hapa ndipo wanaojua kidogo wanapojikwaa. Wanasoma kwamba mota ya katikati ina nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 80 na ya tairini ina 45, wanaona mambo yamekwisha. Lakini namba hizo zinapimwa mahali tofauti. Ile 45 iko kwenye tairi lenyewe. Ile 80 iko kwenye pedali, na lazima ipite kwenye gia kwanza. Kama gia ya mbele ina meno 42 na nyuma umeweka meno 34, tairini zinafika nyutoni-mita 65, na hapo hakika unapanda. Ukisahau ukabaki kwenye meno 11, zinafika 21 tu, chini ya nusu ya ile mota uliyoidharau. Mtu asiye na mazoea ya kubadilisha gia kabla ya mlima kuanza hapati faida ya mota ya katikati, na kuifunga kwenye baiskeli yenye gia moja ni kutupa pesa.

Mnyororo pia unabeba nguvu za watu wawili, wewe na mota, kwa hiyo wenyewe na friwili vinalika upesi. Ukikatika, mota ya katikati haikusaidii tena, wakati ya tairini inakufikisha nyumbani. Kwa upande wake, pancha kwenye tairi la nyuma lenye mota ni usumbufu, na spoku zake hukatika zaidi kwenye barabara za vumbi zenye mashimo.

Ushauri wangu kwa anayepandisha kila siku kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini na mzigo: chukua ya katikati kama unabadilisha gia bila kufikiri na kama kuna fundi wa karibu anayeweza kupata vipuri vyake. La sivyo chukua ya tairini yenye gia ndani, kwenye tairi dogo la inchi 20. Mota ileile ikifungwa kwenye inchi 20 badala ya 26 inapata msukumo zaidi kwa asilimia 30, na inazunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule. Mdogo wangu ndiyo anayotumia sasa. Ila gia za ndani mara nyingi ni za nailoni na huisha, kwa hiyo aliuliza bei ya seti mpya kabla hajalipa.

Wapo pia wanaofunga mota kwenye tairi la mbele kwa kuwa ni rahisi kuifunga. Kwa milima, hapana. Unapopanda, uzito unahamia nyuma, na tairi la mbele linazunguka bure kwenye changarawe au tope.

"Volti 48 inapanda kuliko volti 36"

Volti zinaongeza kasi ya mwisho. Nguvu ya kuzungusha inatoka kwenye ampea, na ampea zinapangwa na kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme kutoka betri kwenda mota. Volti 36 kwa ampea 15 ni wati 540. Volti 48 kwa ampea 20 ni 960. Soma kibandiko cha kontrola, na ukumbuke kwamba kuongeza ampea kwenye mota inayozunguka polepole ni kuongeza moto.

"Mteremko utajaza betri"

Mota ya katikati haijazi kitu, na ya tairini yenye gia ndani kwa kawaida haijazi, kwa sababu zimewekwa ili baiskeli iteleze bila kuzizungusha. Inayoweza ni ile isiyo na gia, tena kama kontrola yake inaruhusu. Kuinua zile kilo 120 mita 100 kwenda juu kunakula karibu wati-saa 45 za betri. Ukishuka, upepo, breki na hasara za umeme vinachukua nyingi, kinachorudi ni kidogo. Na anayetoka nyumbani juu mlimani na betri iliyojaa hana pa kuuweka huo umeme. Faida yake ya kweli ni breki: anayeshuka kutoka Isyonje hadi Tukuyu na viazi anazipunguzia kazi kubwa.

"Huku juu hewa ni nyepesi, mota itachoka"

Injini ya pikipiki ndiyo inayovuta hewa, na hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Mota haipumui. Kinachoiathiri baiskeli ya umeme huku kwetu ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai betri inatoa umbali mfupi kuliko Desemba, na betri ya lithiamu inaharibika ikichajiwa chini ya nyuzi 0. Kwa hiyo mtu wa Kitulo au Makete, penye sakitu, asiichaji ikiwa imelala nje. Aiingize ndani kwanza, ipate joto la chumba, ndipo achomeke.