Waka na washa, mov- na mot-

Mwanafunzi mmoja alinishika darasani. Nilikuwa nimesema kwamba "move", "motor" na "motion" zina mzizi mmoja wa Kilatini. "Mwalimu, hiyo v imekwenda wapi?"

Swali zuri. Vitenzi vingi vya Kilatini vina sura mbili: movere ni kusogeza, motum ni kilichosogezwa, na Kiingereza kikaokota zote. Anayezungumza Kiswahili ana faida hapa. Waka huzaa washa, anguka huzaa angusha, takata huzaa takasa. Konsonanti ya mwisho wa mzizi inageuka na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo mizizi hii nashauri ikaririwe kwa jozi: mov- na mot-, ag- na act-, curr- na curs-, grad- na gress-, ced- na cess-.

Niipendayo zaidi ni agere. Maana yake ni kuswaga, kama mtu aswagavyo mifugo, na pia kutenda. Humo zimetoka "act", "agent" na "agenda", yaani mambo ya kutendwa, ambayo nasi tumeichukua ikawa ajenda. (Kwa Kilatini huo ni wingi. Kiingereza hakikujali.) "Navigate" ni navis, meli, pamoja na agere: kuiswaga meli. "Ambiguous" ni jambo linaloswagwa huku na huku, halijui liegemee wapi. Irabu a imekuwa i kwa sababu mzizi ukitanguliwa na kiambishi au neno jingine, mara nyingi irabu yake hufifia. Ndivyo pia gradi, kupiga hatua, ilivyozaa "ingredient" (hapa a imekuwa e), kile kiingiacho ndani ya mchanganyiko.

Cursor kwa Warumi alikuwa mtu: mkimbiaji, mpeleka ujumbe. Leo anakimbia kwenye skrini. Na "mob", wa ukoo wa movere, ni kichwa kilichobaki cha mobile vulgus, umati kigeugeu, baada ya mkia kukatwa. Waingereza waliufupisha katika karne ya 17.

Ila usione act ukadhani umefika. "Contract" imeificha ndani, lakini kata neno mahali pake: con- na tract, kutoka trahere, kuvuta. "Factory" nayo ni ya facere, kutengeneza. Hata "motto", iliyonidanganya mimi mwenyewe miaka mingi, imepitia Kiitaliano ikiwa na maana ya neno au msemo, na haina undugu wowote na movere.