Medali ya 1830 pale Kibuye

Jumapili soko la Kibuye, Kisumu, hufurika. Kwenye turubai za mitumba hukosi kuona rozari iliyokatika, msalaba wa shaba au medali iliyosahauliwa mfukoni mwa koti. Na kila kitu kina hadithi yake ya kusukumia bei.

“Imeandikwa 1830, ni ya kale.” Hii nusura initoe pesa. Mchuuzi aliisugua medali kwa ncha ya leso, akaninyooshea: “Kaka, karibu miaka mia mbili hiyo. Leta elfu moja.” Mwaka upo kweli, ila ni mwaka ambao mtawa Catherine Labouré alisimulia kutokewa na Bikira Maria huko Paris. Medali za kwanza zilitoka 1832, na hata za juzi hupigwa chapa ya 1830 hiyo hiyo. Niliigeuza: herufi M chini ya msalaba, mioyo miwili, nyota 12 pembeni. Ilikuwa alumini, nyepesi kama kifuniko cha soda. Tukaelewana hamsini.

“INRI ni jina la kampuni.” Aliyeniambia haya anaimba kwaya! INRI inayoandikwa juu ya msalaba ni herufi za mwanzo za maneno ya Kilatini, Iesus Nazarenus Rex Iudaeorum, yaani Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi. Soma Yohana 19:19. Nalo neno ITALY mgongoni mwa medali linataja ilikotengenezwa tu. Halimaanishi kwamba Papa aliishika.

“Ukinunua, unapata na baraka zake.” Kwa Wakatoliki, rehema (msamaha wa adhabu ya dhambi) iliyoambatanishwa na kitu cha ibada hukoma kitu hicho kikiuzwa. Mpelekee padre akibariki upya, basi. Wengine huogopa kinyume chake, kwamba rozari ya marehemu ina mkosi. Kanisa halina fundisho hilo. Linachokataza, katika Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1190, ni kuuza masalia ya watakatifu, kama kipande cha mfupa ndani ya kikasha cha kioo.

“Wanunuzi ni Wakatoliki tu.” Mwenye kusema hivi hajatembea Nyanza. Waumini wa Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960, huvaa rozari shingoni mchana kweupe.

Jirani ya yule mchuuzi, mama mmoja huokota punje za rozari zilizokatika na kuzitunga upya kwa uzi wa nyavu za samaki. Nilinunua moja. Haikatiki, lakini kumi la tatu, fungu linalopaswa kuwa na punje 10, lina punje 11.