Je, wajua kwa nini injini ya 1ZZ inakula oili bila kuvuja wala kutoa moshi?

Gari limelala palepale wiki nzima na chini hakuna hata tone. Eksozi haitoi moshi wa bluu. Injini inavuta vizuri, haina misi wala mlio. Lakini ukichomoa dipstiki kilomita 1,500 baada ya sevisi, oili iko chini ya alama ya L (ya kiwango cha chini). Imekwenda wapi?

Inayozungumzwa hapa ni 1ZZ-FE ya Toyota: silinda nne, cc 1,794, kipenyo cha silinda milimita 79, mwendo wa pistoni milimita 91.5, kompresheni 10 kwa 1, taimingi ya cheni. Bloku ni ya aluminiamu yenye slivu nyembamba za chuma. Iko kwenye Allion na Premio za 1.8 za mwanzo, Wish, Spacio, Opa, na RAV4 ya cc 1,800. Kwa ulaji wa petroli ni injini ya kusifiwa. Kwa ulaji wa oili, hasa zile za miaka ya mwanzo, ina jina lake.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kudhani kwamba pasipo moshi hakuna oili inayoungua. Tupige hesabu. Chukua injini inayomaliza lita moja kila kilomita 1,000, kiwango ambacho vitabu vingi vya magari ya Toyota hukitaja kuwa ndicho kikomo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikizunguka kama mara 2,000 kwa dakika, silinda nne zinawaka mara 4,000 kila dakika. Kilomita 1,000 zinachukua dakika 750, yaani mipigo milioni tatu. Gawa lita moja kwa milioni tatu: kila mpigo unapata theluthi moja ya milimita moja ya ujazo. Tone moja dogo la oili linatosha karibu mipigo 100.

Hata hivyo hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Kama gari linatumia lita 70 za petroli kwa safari hiyo, basi mchanganyiko umefika 70 kwa 1, na chensoo ya kukatia miti huchanganyiwa 50 kwa 1 nayo hutoa moshi waziwazi. Kwa nini basi gari halitoi? Kwa sababu moshi hupita kwenye masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi), na masega yakiwa ya moto huunguza sehemu kubwa ya mvuke wa oili kabla haujafika nje. Ndiyo maana gari lililong'olewa masega "linaanza" kutoa moshi ghafla, mwenye gari akamlaumu aliyeyang'oa. Oili ilikuwa ikiungua siku zote. Na masega hayafanyi kazi hiyo bure: fosforasi iliyomo kwenye oili huyachosha taratibu.

Kosa la pili ni ile kauli ya "ringi zimekwisha", yaani zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Fundi anapima kompresheni, anakuta kila silinda iko karibu na kPa 1,300 ya kawaida, mbali na 1,000 ambayo ndiyo ya chini kabisa inayokubalika, na wote wawili wanabaki wameduwaa. Ringi zimekwishaje wakati kompresheni ipo? Jibu ni kwamba kipimo hicho kinaziuliza ringi mbili za juu tu. Ringi ya tatu, ya oili, haiulizwi chochote. Tena oili ikizidi ukutani huziba mapengo ya ringi za juu, na kipimo kikaonekana kizuri kuliko hali halisi.

Kwenye ringi hiyo ya tatu, au tuseme nyuma yake, ndipo penye mambo.

Krankshafti inapozunguka hurusha oili kwenye kuta za silinda. Ni lazima, la sivyo pistoni ingekwama. Pistoni ikishuka, ringi ya oili, ambayo ni mabati mawili membamba yenye springi katikati, hukwangua ziada. Watu wengi huishia hapo: ringi inakwangua, oili inarudi chini. Lakini sehemu kubwa ya oili iliyokwanguliwa haishukii ukutani. Inaingia kwenye mfereji wa ringi, inapita katika vitundu vilivyotobolewa nyuma ya ringi, inatokea ndani ya pistoni, ndipo inadondoka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini.

Fikiria unasukuma maji sakafuni kwa ule ufagio wa mpira. Mpira ni mpya, mikono ina nguvu, sakafu ni sawa. Lakini tundu la kutolea maji limezibwa na taka. Maji yanajaa mbele ya mpira, hayana pa kwenda, mwisho yanapita chini yake na kubaki nyuma yako. Unaweza kununua ufagio mpya kila mwezi, sakafu haitakauka. Ringi ni ufagio, vitundu ni tundu la maji.

Pistoni za mwanzo za 1ZZ zilikuwa na vitundu vichache na vidogo. Baadaye Toyota ilizibadilisha ikaongeza vitundu. Kitundu kidogo kinaziba kama chujio la chai lisilosuguliwa. Majani si tatizo sana, tatizo ni ule utando mwembamba unaokauka kila baada ya matumizi na kupunguza njia. Kwenye pistoni, utando ni oili iliyokaangwa. Ukizima injini ya moto, oili kidogo inabaki imekaa kwenye mfereji, inapikwa, inakuwa lami, kisha kaboni ngumu. Kitundu kikizibika, oili inakaa pale muda mrefu zaidi, inapikwa zaidi, na safari hii inaganda kwenye ringi yenyewe hadi springi haiwezi kuisukuma ukutani. Sevisi za kuchelewa huharakisha hali hiyo. Kama oili nyepesi na ringi laini za kupunguza msuguano nazo zina mchango, wapo mafundi wanaosema hivyo, lakini kwa 1ZZ ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye vitundu.

Kabla ya kuihukumu pistoni, angalia mambo matatu. Oringi (pete ya mpira) ya tensheni, kile kikaza cheni, huvuja sana kwenye injini hii, na gari likitembea upepo husambaza oili kwenye bloku bila kudondosha tone. Valvu ya PCV (inayopitisha hewa chafu ya ndani ya injini irudi kuunguzwa) iliyo kwenye kifuniko cha vali: ichomoe uitikise, isipogonga imekwama. Vali sili, vile vizuizi vya oili kwenye vali, hujitambulisha kwa wakati: moshi wa mara moja asubuhi, au baada ya kuteremka mlima kama Kitonga mguu ukiwa nje ya eksileta kisha ukakanyaga. Hizo ni dalili tu, hazithibitishi.

Kuhusu kuweka oili nzito ya 20W-50, ulaji unaweza kupungua kidogo, kwa kuwa kizito hupita polepole. Vitundu vinabaki vilevile, na VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, unaoendeshwa kwa presha ya oili kupitia njia nyembamba na kichujio kidogo, unaweza kuchelewa kuitikia oili ikiwa nzito.

Kuloweka pistoni kunajaribiwa sana. Injini ikiwa ya moto kiasi, toa koili na plagi, zungusha krankshafti kwa puli mpaka pistoni zote nne ziwe katikati (pistoni 1 na 4 zikiwa juu kabisa, 2 na 3 ziko chini, kwa hiyo ongeza robo mzunguko), mimina dawa ya kuyeyusha kaboni, acha usiku kucha. Asubuhi funika matundu ya plagi kwa kitambaa na upige stata plagi zikiwa nje. Ukisahau hatua hiyo, majimaji yaliyobaki hayabanwi, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaoshika pistoni na krankshafti. Kisha mwaga oili yote, kwa sababu dawa imeteremkia humo. Matokeo hayatabiriki: ringi iliyoshikana huweza kuachia, lakini kitundu kilichoziba kabisa, dawa haina njia ya kukipita.

Unapoamua jinsi ya kuishi na tatizo, kumbuka namba tatu. Injini inachukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Kati ya alama ya F (imejaa) na L kwenye dipstiki kuna kama lita 1.5. Na ile taa nyekundu ya oili haipimi kiasi, inapima presha. Gari linalokula lita moja kila kilomita 1,000, likingojea sevisi ya kilomita 5,000 bila kuongezwa, lingehitaji lita tano za kula wakati ndani zipo 3.7. Injini nyingi za namna hii huuawa na beringi zilizokosa oili, huku kaboni ikibaki na kesi isiyo yake. Pima kila unapojaza tangi, gari likiwa mahali tambarare, dakika tano baada ya kuzima.

Dawa kamili ni kushusha injini na kuweka pistoni za toleo la baadaye pamoja na ringi zake. Kuweka ringi mpya kwenye pistoni zilezile bila kugusa vitundu ni ule ufagio mpya. Kuchonga silinda kama ilivyozoeleka kwenye 4A, injini ya zamani ya Toyota, si jambo la kukimbilia, slivu ni nyembamba. Wapo wanaopanua vitundu vya pistoni za zamani kwa drili. Inasaidia, ila ukali wa ukingo ulioachwa na drili usipolainishwa ni mwanzo wa ufa.

Pistoni ikishatoka, jaribio ni la dakika moja. Toa ringi ya oili, igeuze pistoni kichwa chini iwe kama kikombe, mimina mafuta ya taa ndani. Iliyo nzima hutiririsha kwenye mfereji pande zote mbili mara moja. Ya 1ZZ iliyokuwa ikila oili huyashika mafuta hayo, ukaweza kwenda kunywa chai na kurudi.