UVIKO-19 ya muda mrefu kwa mzee wa makao ya wazee: ni nini hasa?

Homa imeshuka, kikohozi kimekwisha, mzee ameandikwa amepona. Lakini huu ni mwezi wa tatu hafiki chooni bila kushikwa mkono, ilhali kabla ya kuugua alikwenda mwenyewe na mkongojo wake. Hiyo huenda ikawa UVIKO-19 ya muda mrefu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa ni dalili zinazokuwepo kwa kawaida miezi 3 tangu kuugua, zikadumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza.

Kijana atalalamika uchovu na kukosa pumzi. Mzee, hasa aliyeanza kusahau, mara nyingi halalamiki. Kwake ugonjwa utauona katika kazi iliyomshinda: kufunga vifungo, kushika kijiko, kutambua saa ya chakula. Ndiyo maana kauli ya "ni uzee tu" inaumiza wengi. Uzee hauji kwa wiki tatu.

Kinachoharibu zaidi ni misuli. Siku 10 tu za kulala zinatosha kupunguza nyama ya mapaja ya mzee, na harufu ikipotea, hamu ya kula nayo huondoka. Ugali na viazi vinamshibisha ila havirudishi misuli. Mzee wa kilo 50 anahitaji protini kama gramu 50 hadi 60 kwa siku: yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Uji upikwe kwa maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Mpimeni uzito kila wiki; akipoteza kilo 2.5 kati ya 50 ndani ya mwezi, apelekwe kituo cha afya. Akiona kizunguzungu, pimeni presha baada ya kulala dakika 5, kisha akisimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, hapo ndipo anapoangukia.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinataka uangalifu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mbeya iko juu kama mita 1,700, Makete zaidi ya hapo, hivyo namba huwa chini kidogo kuliko Pwani. Mlinganisheni na namba yake mwenyewe ya alipokuwa mzima. Ikiwa chini ya 90, hospitali mara moja. Na Juni na Julai, miezi ya baridi, jiko la mkaa likiwa chumbani, kipimo hudanganya: gesi yake hushika damu, nacho kikasoma namba nzuri.

Mazoezi yawe ya kusimama na kukaa kwenye kiti, mara chache kila siku, kwa siku nyingi. Akilala hoi kesho yake au keshokutwa yake, mjue mlimzidishia; punguzeni nusu.

Kikohozi kikizidi wiki 2, apimwe kifua kikuu kabla ya kusingizia UVIKO.