Kabla ya kulaumu mbegu ya nguruwe, osha kinyesi chake

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mama mmoja mfugaji, nje kidogo ya mji wa Masasi. "Bwana mifugo," akaniambia, "hawa wanamaliza debe zima la mtama, lakini mbavu bado nazihesabu." Alishawapa dawa ya minyoo mara mbili, na jirani alishamshauri abadili mbegu.

Nikaomba ndoo ya maji na chekecheo. Nilichota kinyesi cha asubuhi, nikakiosha mpaka maji yakatoka safi. Zilibaki punje za mtama, nyingine nzima kabisa, zinang'aa kama zimetoka ghalani. Mama akashika kichwa.

Nguruwe hatafuni kwa makini, na punje ya mtama ni ndogo na ngumu, inamponyoka menoni. Ikifika tumboni na ganda lake, vimeng'enya havina pa kuingilia. Wanga na protini vinatakiwa kumeng'enywa na kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachopita hapo kinaliwa na bakteria wa utumbo mpana: wanga utamrudishia nguvu kiasi, lakini protini iliyofika huko haimjengei nyama.

Kwa hiyo saga, ila saga kwa kipimo. Chembe za wastani wa milimita 0.6 hadi 0.7 zinamfaa nguruwe anayekua. Ukizisugua vidoleni uhisi mchanga wa ufukweni. Zile za kuparaza kwa ajili ya kuku wakubwa ni nene mno kwake. Unga laini kama sembe humeng'enywa vizuri zaidi, lakini unaleta vidonda vya tumbo, na vumbi lake linapeperuka kabla hajalila. Mwambie fundi wa mashine akuwekee chekeche la matundu madogo, na ulikague mwenyewe, maana likichanika hata sehemu moja punje nzima zinapita.

Sasa rangi ya mtama, jambo ambalo huku kwetu watu wanalichanganya sana. Wengi wanakataa mtama mwekundu wote kwa kuogopa tanini, ambayo hushikamana na protini ya chakula na hata vimeng'enya vyenyewe. Ganda la nje halitoshi kukupa jibu. Chukua punje, ikwangue taratibu kwa wembe. Ukikuta chini ya ganda utando wa kahawia iliyokolea, tanini ipo. Usipouona, mlishe bila wasiwasi hata kama punje ni nyekundu. Mtama mweupe kama ule wa aina ya Macia, ukisagwa vizuri, unakaribia sana mahindi kwa lishe. Ule wenye utando uloweke usiku kucha kwenye maji ya majivu, usuuze, uanike, ndipo uusage, tanini itapungua.

Lakini hata mtama mzuri una kidogo laisini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, na bila laisini nyama haijengeki. Hapa ndipo ninapobishana na wafugaji wa Nachingwea. Mashudu ya ufuta yanapatikana, protini yake ni nyingi, basi wanaona kazi imekwisha. Ufuta nao una upungufu wa laisini ile ile! Ongezeni mbaazi zilizochemshwa, au dagaa, au soya iliyokaangwa. Msiiunguze: moto mkali unaifunga laisini kwenye sukari, na mnyama haipati tena.

Fosforasi nayo, madini ya kujenga mifupa, karibu theluthi mbili ya iliyomo kwenye nafaka imefungwa kwenye faiteti, kampaundi ambamo mmea huhifadhi fosforasi yake, na nguruwe hawezi kuifungua vya kutosha, kwa hiyo unga wa mifupa usikosekane.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa yule mama. Tukaosha tena. Safari hii chekecheo lilibaki na maganda, pamoja na punje nzima nne. Tukaenda wote mashineni, fundi akafungua: chekeche lilikuwa na tundu moja lililopanuka, kidole changu kidogo kinapita.