Mfumo wa Malipo Haumjui Asiyelipa

Juma lililopita, hapa Kisumu, nilimsikia afisa mwingine akisisitiza kwamba kaunti ikinunua mfumo mpya wa kompyuta wa kukusanya malipo, mapato yatapanda. Kauli hiyo nimeisikia tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, nyingi zikirithi LAIFOMS, mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha, kutoka kwa mabaraza ya miji, na imenichosha kwa sababu hugharimu fedha za umma.

Mfumo wa malipo hurekodi aliyelipa. Mwenye duka akilipia leseni kwa simu, karani huiona risiti papo hapo, na fedha huingia katika akaunti ya kaunti bila kupitia mikononi mwa mtu. Hilo ni jema. Lakini kumjua asiyelipa kunahitaji rejista: viwanja vyote, wamiliki, thamani na madeni. Mkurugenzi anayetaka kujua ni mitaa ipi inayodaiwa zaidi, ili aamue pa kuwapeleka wakaguzi, hatapata jibu katika orodha ya risiti, hata ikiwa ndefu kiasi gani.

Katika kaunti moja niliyoihudumia huku magharibi, tulikuta kiwanja kimoja kimeandikwa mara tatu: kwanza namba yake ikiwa na alama ya mkwaju (/), kisha ikiwa na nafasi tu, na mara ya tatu kwa jina la marehemu ambaye watoto wake hawajakamilisha mirathi. Mwanawe alikuja kaunta na bahasha ya risiti za kodi ya ardhi za kila mwaka, mkono wa pili ameshika ilani ya deni, kwani fedha zake zote zilikuwa zimeingia katika rekodi ya pili. Hakuna programu inayoweza kuamua ni rekodi ipi iliyo sahihi. Huamua karani wa ardhi, mpima na mzee wa mtaa wakiketi pamoja juu ya faili, na kazi hiyo ndiyo zabuni nyingi haziitengei hata shilingi.

Mafunzo na intaneti ni muhimu, lakini hupatikana. Mkataba nao useme wazi kwamba hifadhidata ni mali ya kaunti.

Kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Niliposhauri rejista isafishwe kwanza, uchaguzi ulifika kabla haijakamilika, viongozi wakabadilika, na kazi ikasimama. Niliposhauri usafishaji wa rejista na mfumo mpya viende sambamba, makosa ya zamani yalihamia katika kompyuta mpya. Sasa nashauri kuanza na wadi moja hadi ikamilike, ingawa sijaona bado kaunti iliyovumilia mpaka wadi ya mwisho.